Taa ya Injini Inapowaka: Kihisio cha Oksijeni na Upimaji wa Petroli

Taa ya manjano yenye umbo la injini inapowaka mbele ya dereva, jambo la kwanza linalofanywa katika karakana nyingi siku hizi ni kuunganisha chombo cha kusomea hitilafu. Chombo hutoa namba, mathalani P0171, ambayo maana yake ni kwamba mchanganyiko wa injini una petroli pungufu. Mara nyingi uamuzi hufuata papo hapo: kihisio cha oksijeni, au “sensa” kama wasemavyo mafundi, kimekufa, kinunuliwe kipya. Mwenye gari hulipa, taa huzimwa, na baada ya siku chache huwaka tena. Fedha zimekwenda, na hitilafu ingali palepale.

Makala haya yanaeleza kwa nini kosa hilo hutokea na jinsi linavyoweza kuepukwa.

Jinsi injini inavyojipimia petroli

Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue barabara. Zamani uwiano huo ulikadiriwa na kabureta. Katika magari ya sasa kazi hiyo ni ya kompyuta, ambayo hupokea habari za wingi wa hewa inayoingia, joto la maji ya injini na kasi ya mzunguko, kisha huamua nozeli zifunguliwe kwa elfu ngapi za sekunde.

Makadirio hayo husahihishwa na kihisio cha oksijeni kilichomo katika bomba la moshi. Kifaa hiki, kilichotengenezwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani, kilianza kutumika katika magari ya Volvo mwaka 1976. Ndani yake mna kauri ya zirkonia ambayo, ikishapata joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi, huzalisha umeme kutokana na tofauti kati ya oksijeni ya moshi na ile ya hewa ya nje. Petroli ikizidi, oksijeni huwa haba katika moshi na umeme hupanda hadi karibu volti 0.9. Petroli ikipungua, umeme hushuka hadi karibu volti 0.1. Magari mengine mapya hutumia kihisio cha aina nyingine, lakini wajibu wake ni ule ule.

Namba si hukumu

Yafaa ikumbukwe kwamba kihisio hiki hakipimi petroli. Hupima oksijeni tu. Oksijeni ya ziada yaweza kutokana na mpira wa hewa uliopasuka baada ya kipimo cha hewa, chujio la petroli lililoziba, au pampu iliyochoka. Aidha, plagi isiyowaka huacha oksijeni ya silinda nzima ipite bila kutumika, na ufa katika bomba la moshi mbele ya kihisio huvuta hewa ya nje. Katika hali zote hizo kihisio kinasema kweli. Kukibadilisha ni kumfukuza mlinzi kwa sababu amepiga kelele.

Kutafuta chanzo

Chombo kinachotoa namba huweza pia kuonyesha asilimia ya petroli ambayo kompyuta imelazimika kuongeza au kupunguza. Kwa kawaida asilimia hiyo haipiti 10 kwa upande wowote. Hapana budi isomwe mara tatu: gari likiwa limesimama katika “silensa”, injini ikizungushwa mara 2,500 kwa dakika, na gari likipanda mlima.

Katika magari yenye kipimo cha wingi wa hewa, nyongeza ikiwa kubwa katika silensa lakini ikapungua kasi inapoongezeka, yumkini hewa inaingia kwa wizi mahali fulani. Ikiwa ndogo katika silensa lakini ikakua mzigo unapoongezeka, petroli haifiki ya kutosha, au kipimo cha hewa kimechafuka kwa vumbi na kinahesabu hewa pungufu.

Kisha kihisio chenyewe kijaribiwe. Injini ikiwa na moto, mpira mdogo wa hewa ukichomolewa kidogo, volti zapasa kushuka. Mafuta yakikanyagwa ghafula, zapasa kupanda. Kikiitika upesi, ni kizima.

Hata hivyo, vipo vihisio vinavyodanganya. Kihisio cha joto la maji kikiripoti kwamba injini ni baridi ilhali imekwisha pata moto, kompyuta huendelea kuongeza petroli pasipo haja. Jaribio lake la kwanza halina gharama: asubuhi, kabla ya injini kuwashwa, kipimo chake chapasa kulingana na joto la hewa. Kikionyesha nyuzi 5 asubuhi ya Dar es Salaam, si kweli.

Hasara ya kupuuza

Petroli isiyoungua ndani ya silinda huungua ndani ya kichujio cha moshi, ambacho huweza kupata joto la kuyeyusha kauri yake, nacho ni ghali kuliko kihisio. Moshi wenye petroli nyingi hubeba pia gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu.

Kwa hiyo mwenye gari anapoambiwa anunue kihisio, ana haki ya kumwuliza fundi swali moja: ni jaribio gani lililoonyesha kwamba kimeharibika? Kama jibu ni namba peke yake, uchunguzi bado haujafanyika.