Bibi, Ami na Shangazi: Kumzuia Mtoto Kunaweza Kukufikisha Jela

Talaka ikitoka, wanaovutana juu ya mtoto mara nyingi si baba na mama peke yao. Ni bibi mzaa baba anayeapa mjukuu wake hatalelewa na baba wa kambo. Ni ami aliyemchukua mtoto likizo ya Agosti kwa wiki mbili, shule zikafunguliwa na mtoto hakurudi. Ni shangazi wa Malindi anayepokea simu ya mama mtu na kujibu, "Huyu ni damu yetu, haendi popote." Wengi wao wanampenda mtoto kweli. Lakini wengi pia hawajui kwamba wanaweza kushtakiwa kwa jinai.

Kifungu cha 174 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinahusu wizi wa mtoto. Ni kosa kumchukua, kumrubuni au kumzuia mtoto aliye chini ya miaka 14, kwa nguvu au kwa hila, kwa nia ya kumnyima mzazi, mlezi au mtu mwingine mwenye haki ya kisheria ya kukaa naye. Adhabu yake yafika miaka 7 jela. Tazama hilo neno "kumzuia". Si lazima mtoto atekwe njiani. Hata aliyekabidhiwa mtoto kwa wema anaweza kuingia humo akija kumkatalia kwa hila. Na anayempokea na kumficha, huku akijua alivyochukuliwa, naye ana kosa. Yule shangazi wa Malindi asijione yuko salama kwa kuwa si yeye aliyemchukua.

Sheria hiyo ina mlango wa kujitetea. Mshtakiwa akithibitisha kwamba alidai kwa nia njema kuwa ana haki ya kukaa na mtoto, anaweza kuachiliwa. Ndiyo maana ni vigumu kumfunga baba kwa kosa hili wakati hakuna mahakama iliyoamua lolote: Katiba, Ibara ya 53, inawapa baba na mama jukumu sawa la malezi, wawe wameoana au la. Hapo ndipo polisi wengi humwambia mama arudi nyumbani wakasuluhishwe na wazee. Jibu hilo linaudhi, lakini mara nyingi lina sababu.

Kinachobadilisha mambo ni amri ya mahakama. Mahakama ikishaamua mtoto akae na nani, na jamaa wakaonyeshwa karatasi yenyewe, ile "nia njema" inakuwa ngumu kuitetea. Zaidi ya hayo, aliyepewa amri akaivunja anaweza kuadhibiwa kwa kudharau mahakama, kwa faini au kifungo. Haya hayachagui upande. Bibi mzaa mama anayemficha mtoto baba mwenye amri mkononi yuko hatarini vile vile.

Hapa kwetu watu hukimbilia kwa Kadhi, na hadhana ni jambo tunalolijua: katika madhehebu ya Shafi, mama hutangulizwa mtoto akiwa mdogo, na akifikia umri wa kupambanua, kama miaka 7, humchagua wa kukaa naye. Tatizo ni kwamba Ibara ya 170 ya Katiba imeitaja ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, wala haikutaja malezi kwa jina, na mabishano juu ya hilo yamefika Mahakama Kuu. Kwangu mimi, mwenye mzozo wa kukaa na mtoto bora aende mahakama ya watoto, kama ile ya Tononoka hapa Mombasa, ambayo mamlaka yake yanatoka moja kwa moja katika Sheria ya Watoto ya 2022.

Aliyenyimwa mtoto aanze kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yake, au apige 116, simu ya bure. Polisi aripoti na asiondoke bila nambari ya OB. Ahifadhi jumbe za simu, hasa zile za "haendi popote". Kama hana amri, aiombe haraka; mahakama inaweza kutoa ya muda kesi ikiendelea.

Na jamaa wajue hili mapema: mashtaka yakishafika kortini, kesi ni ya Serikali. Mama mtu akikubali msamaha siku ya Idi, bado kesi haifutiki kwa neno lake peke yake. Lazima mahakama iridhie.