Chakula cha sato: protini ya lebo, tanini isiyoandikwa

Mfugaji wa vizimba Ziwa Victoria hahitaji kukumbushwa kwamba chakula humeza zaidi ya nusu ya gharama zake. Dagaa wanagombewa na walaji, wafugaji wa kuku na wafugaji wa samaki, hivyo viwanda vimegeukia mimea: mashudu ya alizeti, soya, pumba, mtama, hata majani ya mlusina. Baadhi ya mimea hiyo ina tanini, ileile inayokausha ulimi kwenye chai ya rangi iliyokolea.

Muuzaji mmoja wa pembejeo jijini Mwanza, aliyeomba asitajwe, ana kinyongo. Alichukua kwa mali kauli chakula cha bei nafuu, ambacho baadaye aliambiwa kilichanganywa na mtama mwekundu. Wateja wake wakalalamika kwamba sato wanakitema na hawakui. Wengine hawajamlipa mpaka leo. Kiwanda, anasema, kilimwonyesha cheti: protini asilimia 30, kama lebo inavyosema. Kwa hiyo kosa ni la nani? Mfugaji anamlaumu yeye, yeye anakilaumu kiwanda, na karatasi inamsafisha kila mtu isipokuwa mwenye deni.

Karatasi hiyo haidanganyi, ila haisemi yote. Kwa kawaida maabara hupima naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25. Tanini hushikamana na protini na kudhoofisha vimeng'enya vya kuisaga, kwa hiyo sehemu ya protini hiyo hupita tumboni bila faida. Kipimo hicho hakioni tofauti.

Afisa mmoja wa uvuvi ana matumaini makubwa: malighafi za ndani, anasema, zitashusha bei ya chakula. Huenda. Alipoulizwa tanini inapimwa wapi, alirudi kwenye asilimia ya protini.

Mtama mwekundu hautaondoka sokoni kirahisi. Wakulima wanaupanda kwa sababu ndege huususia, na kinachowafukuza ndege ni tanini hiyohiyo. Kukoboa, kuchachua au kuloweka kwa majivu, kama wafanyavyo wenyeji wa Kigezi nchini Uganda, huipunguza sana. Lakini nafaka iliyolowekwa lazima ikaushwe, na gharama ya kukausha inaweza kumeza nafuu yote.

Upande wa pili wa biashara unaiuza tanini kama dawa. Unga wa mti wa chestnut kutoka Ulaya huuzwa kama kiongeza cha chakula cha mifugo, na hoja yake si uzushi: kwa kiwango kidogo, tanini huzuia mafuta yasichache na hupunguza madhara ya oksijeni kwenye seli. Ni kiwango gani hasa? Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwapa samaki aina ya kapu asidi ya taniki gramu 20 kwa kilo ya chakula. Baada ya wiki nne hivi walikikataa. Tanini ya mti wa quebracho, kwa kiwango hichohicho, haikuwadhuru kwa wiki 12. Aina ya tanini inayovunjika tumboni, kama asidi ya taniki, ndiyo inayohofiwa zaidi kwa ini na figo, na kapu si sato.

Njombe ina miwati, ambayo magome yake hutoa tanini ya kutengenezea ngozi, na wapo wanaoiona kama mbadala wa unga wa Ulaya. Muuzaji wa Mwanza hataki kusikia. Ataagiza chakula, anasema, pale mfuko utakapoandikwa tanini kando ya protini, na kiwanda kikubali kulipwa baada ya mavuno.