Mguu wa dereva na betri ya gari

Kobalti inayochimbwa Kolwezi huingia katika betri za magari mengi ya umeme. Basi tujue namna ya kuyaendesha bila kupoteza nguvu.

Dereva akiondoa mguu mapema na kupunguza mwendo polepole, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Akikanyaga breki kwa ghafula, sehemu ya nguvu hiyo hupotea kama joto. Mwendo ukiongezeka mara 2, upinzani wa hewa huongezeka mara 4. Magari yenye injini na mota pamoja hufuata kanuni hiyohiyo.

Ndugu zetu huchimba madini haya kwa jasho, na wengine wamefia mashimoni. Tusiyatumie ovyo. Uwakili mwema hufika hata kwenye mguu wa dereva.