Una siku moja tu Mbeya? Ziwa Ngosi au Daraja la Mungu

Umekuja Mbeya kwenye harusi, keshokutwa alfajiri unapanda basi la Dar. Kesho uko huru. Uende wapi?

Vivutio hivi viwili viko wilayani Rungwe, njia ya Tukuyu, lakini havifanani.

Ziwa Ngosi
Ni ziwa lililojaa kwenye kreta ya volkano. Unashuka Isongole, unachukua bodaboda (patana bei kwanza), kisha unapanda msituni kwa miguu. Kipande cha mwisho ni kikali, na mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Ukifika ukingoni unaliona ziwa chini kabisa, limezungukwa na msitu. Tatizo ni ukungu. Ukitanda, umepanda bure.

Daraja la Mungu
Ni mwamba wa volkano uliovuka Mto Kiwira kama daraja, bila mkono wa fundi. Hakuna mlima wa kupanda, hivyo panafaa ukiwa na mama au watoto. Kuna pia Kijungu, mto huohuo unapozama kwenye shimo la mwamba. Pembeni panateleza, shika watoto mkono.

Uamuzi
Toka mjini saa 12 asubuhi. Ukifika Isongole, tazama mlimani. Kweupe? Shuka, panda Ngosi. Ukungu mzito? Usibishane nao, endelea na safari hadi Daraja la Mungu.

Kwa daladala, chagua moja. Ukilazimisha zote, utaziona mbiombio na giza litakukutia njiani.