Jina la Mpiga Ngoma Lisipotee Njiani

Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa Burundi: ngoma, inanga (ala ya nyuzi) inayoimbiwa kwa kunong'ona, na akazehe, salamu ambazo wanawake huziimba. Lebo ya Ocora ya Ufaransa ikautoa kwa santuri, na baadaye kwa CD. Mwaka 1971 ngoma hizo zikaongezewa gitaa na piano, zikauzwa Ulaya kwa jina la "Burundi Black". Sifa zikamwendea aliyeongeza, si waliopiga. Siku hizi jina hupotea hata pasipo mtu kudhamiria: CD ya ngoma za Gishora hunakiliwa kwenye kompyuta mjini Gitega, ikageuzwa MP3, na inapofika kwenye simu ya msikilizaji wa Muyinga inaitwa "Track 01".

Sababu ni kwamba CD nyingi hazibebi majina ya nyimbo. Programu ya kunakili husoma mpangilio na urefu wa nyimbo, kisha huyatafuta majina kwenye hazina za intaneti kama MusicBrainz na kuyaandika ndani ya faili; maandishi hayo huitwa tagi. Faili la WAV halina mahali pa tagi panapotambuliwa na programu zote, kwa hiyo anayepitia WAV kwenda MP3 mara nyingi huziacha njiani. Faili la FLAC huzihifadhi vizuri. MP3 nayo huzibeba, ila tagi zake za kwanza, za mwaka 1996, ziliruhusu herufi 30 tu, na jina refu la Kirundi hukatwa katikati. Kwa hiyo nakili kwa FLAC, soma jalada la CD, andika tagi, ndipo ugeuze moja kwa moja kuwa MP3 yenye tagi za toleo la pili.

Wapo wasemao jina la faili latosha. Lakini hilo hubadilishwa na yeyote, na simu nyingi hupanga nyimbo kwa tagi. Wengine hutegemea intaneti iutambue wimbo baadaye. Intaneti hutambua kilichokwisha kuingizwa na mtu. CD ya kwaya ya mtaani iliyotolewa nakala chache haimo, na shahidi wake pekee ni jalada. Nafasi nayo si hoja, maana maandishi ya tagi ni madogo kuliko sekunde moja ya MP3 ya kawaida. Basi kwenye sehemu ya msanii usiandike "Burundi" ukaridhika: andika kundi, mwimbaji, ala, mahali na mwaka, kisha lifungue faili jipya ukague kabla CD haijarudi kwa mwenyewe.