Bastola Nyumbani: Kasiki Kwanza

Mzazi anayekusudia kumiliki bastola kwa mara ya kwanza huuliza aina na bei. Swali linalotangulia ni hili: itahifadhiwa wapi watoto wasiifikie? Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 haimpi leseni aliye chini ya miaka 25, lakini leseni haifungi kabati. Nunua kasiki kabla ya silaha, na risasi zifungiwe mahali pengine. Chagua bastola inayoenea mkononi mwako, kisha ujifunze kuikagua: kutoa magazini hakutoshi, kwani risasi moja yaweza kubakia ndani ya chemba. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha. Basi mtoto wako asiachiwe nafasi ya kufanya hivyo akidhani anacheza.