Scotland: uhuru ulikwama kwenye pauni, na swali lile lingali bila jibu

Tarehe 5 mwezi wa nane mwaka 2014, wanasiasa wawili walisimama mbele ya televisheni mjini Glasgow kujadiliana juu ya uhuru wa Scotland. Upande mmoja alikuwa Alex Salmond, mkubwa wa serikali ya Scotland na wa chama SNP, aliyetaka inchi yake ijitenge na Uingereza. Upande wa pili Alistair Darling, mbunge wa Edinburgh na waziri wa feza wa zamani huko London, aliyetaka umoja ubaki. Darling hakupoteza wakati kwa mambo ya bendera. Aliuliza jambo moja na kulirudilia: siku mtakapojitenga, mtatumia feza gani? Salmond akajibu kwamba ni pauni, kwa sababu pauni ni mali ya Scotland vilevile. Na London ikikataa? Hapo jibu la wazi halikutoka.

Majuma sita baadaye, tarehe 18 mwezi wa tisa, raia walipiga kura. Watu zaidi ya milioni 2 walisema Hapana, wengine milioni 1.6 wakasema Ndiyo. Ni asilimia 55 kwa 45. Karibu watu 85 kwa kila 100 walioandikwa walikwenda kupiga kura, na hata vijana wa miaka 16 waliruhusiwa. Hakuna risasi iliyolia.

Neno moja juu ya majina. Kwa Kiswahili tunasema Uingereza tukimaanisha inchi nzima, lakini ndani yake mna England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Scotland ndiyo ile wengi wetu tulifundishwa shuleni kwa jina la Kifaransa, Écosse. Ukimuita Mskoti Mwingereza, usishangae akikasirika.

Umoja uliozaliwa katika hasara

Tangu mwanzo, habari hii ni ya feza. Mwishoni mwa miaka ya 1690, Waskoti waliweka sehemu kubwa ya mali ya inchi yao katika mradi wa kuanzisha koloni huko Darién, katika Panama ya leo. Mradi ulianguka, na watu wengi wakafa kwa magonjwa. Mwaka 1707 bunge la Edinburgh likakubali kuungana na lile la London, na katika mapatano hayo England ililipa pauni 398,085. Sehemu ya feza hizo ilikwenda kwa wale waliofilisika na mradi wa Panama. Mpaka leo kuna Waskoti wanaosema kwamba wakubwa wao waliuza inchi siku ile.

Halafu ikaja petroli. Ilipogunduliwa katika Bahari ya Kaskazini, chama SNP kilipata neno la kuwaambia watu: hii ni petroli ya Scotland. Mwaka 1974, mtaalamu wa uchumi aliyekuwa akifanya kazi serikalini, Gavin McCrone, aliandika ripoti kwa ajili ya mawaziri. Alieleza kwamba Scotland yenye uhuru ingekuwa na feza nyingi kupita kiasi, na kwamba feza yake ingekuwa miongoni mwa zile zenye nguvu kabisa katika Ulaya. Ripoti ile ilifichwa. Raia waliisoma mwaka 2005, miaka 30 na zaidi baadaye, wakati visima vingi vilikuwa vimekwisha kupita kilele chake.

Kinachowauma zaidi ni Norway, jirani wa ng'ambo ya bahari ileile, yenye watu milioni 5 na kitu kama wao. Norway iliweka akiba ya petroli yake katika mfuko ambao leo una zaidi ya dola trilioni moja. Petroli ya upande wa Uingereza iliingia katika bajeti ya London na kutumiwa mwaka kwa mwaka.

Mshahara wa feza hii, deni la feza ile

Kwa hiyo mwaka 2014 SNP kilikuja na mpango: tutachukua petroli, tutaendelea na pauni, na banki kuu ya London itakuwa yetu sote. Mwezi wa pili wa mwaka ule, George Osborne, waziri wa feza wa Uingereza, alikwenda Edinburgh na kukataa waziwazi. Vyama vingine vikubwa vya London vikamuunga mkono. Sababu yao haikuwa ya kijinga. Ulaya ilikuwa imetoka kuona Ugiriki ikizama, na watu walikuwa wamejifunza kwamba inchi mbili zenye feza moja na bajeti mbili zinaweza kuburutana shimoni. Salmond akajibu kwamba bila pauni, Scotland haitabeba sehemu yake ya deni la Uingereza.

Njia ya pili ilikuwa kutumia pauni bila ruhusa. Msomaji wa Goma au Bukavu hahitaji kuelezwa jambo hili: tunalipa nyumba kwa dola, na hakuna mtu huko Washington aliyetuuliza. Inawezekana, lakini anayetumia feza ya mwingine hana mashine ya kuichapa. Banki zikianguka, nani atazisimamisha? Mwaka 2008, banki kubwa ya Edinburgh, Royal Bank of Scotland, iliokolewa na serikali ya London, na msaada ule ulifikia pauni bilioni 45. Scotland peke yake ingezitoa wapi? Siku chache kabla ya kura, banki ile na Lloyds zilitangaza kwamba Ndiyo ikishinda, zitahamisha makao makuu kwenda England.

Njia ya tatu ni kuchapa feza mpya. Hapo tatizo linaingia nyumbani kwa mtu. Mskoti mwenye nyumba ana deni la banki la miaka 25, na deni hilo liko kwa pauni. Mshahara wake ukigeuka kuwa feza mpya, na feza hiyo ikishuka, deni linabaki palepale. Mwalimu wa kwetu anayelipwa kwa franga na kudaiwa nyumba kwa dola anajua maumivu hayo. Wazee waliogopa zaidi, kwa ajili ya malipo yao ya kustaafu, na wao ndio waliopiga Hapana kwa wingi.

(Jambo la kuchekesha: banki tatu za Scotland huchapa noti zao za pauni zenye picha zao. Thamani ni ileile, lakini duka fulani huko London linaweza kuzikataa.)

Wale wa Hapana pia wana la kujibu. Mwaka 2014 waliwaambia raia kwamba kubaki Uingereza ndiyo njia salama ya kubaki katika Umoja wa Ulaya. Miaka miwili baadaye, Uingereza ilipiga kura kutoka Ulaya. Scotland ilikuwa imesema tubaki kwa asilimia 62, ikatolewa. Kwa watu wengi waliokuwa wamekubali umoja, huo ulikuwa udanganyifu. Lakini Brexit ilifanya hesabu ya uhuru iwe ngumu zaidi. Karibu asilimia 60 ya bidhaa na huduma ambazo Scotland inauza nje zinakwenda sehemu nyingine za Uingereza. Ikirudi Ulaya, mpaka wake na England utakuwa mpaka wa forodha wa Umoja wa Ulaya.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2022, Korti Kuu ya Uingereza iliamua kwamba bunge la Edinburgh haliwezi kuitisha kura nyingine bila ruhusa ya London. London haijatoa ruhusa. Katika uchaguzi wa mwaka 2024, SNP kilishuka kutoka viti 48 hadi 9 katika bunge la London, lakini uchunguzi wa maoni unaonyesha kwamba karibu nusu ya Waskoti wangali wanataka uhuru, vijana hasa. Chama kinashuka, wazo linabaki.

Juu ya feza, mpango wa SNP leo ni kuanza na pauni ya London, kisha kuunda pauni ya Scotland wakati uchumi utakapokuwa tayari. Tarehe haikutajwa. Na petroli iliyoahidiwa kulipia hayo yote inapungua. Mpango wa mwaka 2014 ulihesabu pipa moja kwa zaidi ya dola 100. Mwanzoni mwa 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Mwezi wa ine mwaka 2025, Grangemouth, kiwanda pekee cha kusafisha petroli katika Scotland, kilichofunguliwa mwaka 1924, kiliacha kazi hiyo. Wafanyakazi zaidi ya 400 walihesabiwa kuwa watapoteza kazi.